Nyumba ya Shamba ya Wales Husomwa Kuanzia Darini

Kwa ndugu zangu mnaoanza kazi ya kupima na kuchora nyumba kongwe za mashambani nchini Wales, jambo la kwanza ninalowaomba ni kutofanya haraka kuandika umri wa nyumba. Katika mwezi wangu wa kwanza nilichora nyumba moja ya mawe, nikaona madirisha ya mbele yamepangwa kwa ulinganifu, nikaandika kuwa ni ya karne ya 18. Mwashi mzee niliyefanya naye kazi hakubishana nami. Alinipa tochi akaniambia nipande darini. Huko nilikuta miti miwili mizito ya mwaloni iliyopinda, ikiinuka kutoka ndani ya kuta na kukutana kileleni mwa paa, na nilipoipitishia kidole kikatoka cheusi kwa masizi.

Jozi hiyo kwa Kiwelisi huitwa nenfforch, yaani panda ya paa. Mara nyingi fundi alitafuta mti uliojipinda wenyewe, akaupasua katikati ili apate vipande viwili vinavyofanana, na uzito wa paa ukashuka hadi chini bila kuutegemea ukuta. Ndiyo maana kuta za awali ziliweza kuwa za fito zilizokandikwa udongo, na ndiyo maana vizazi vya baadaye viliweza kuziondoa na kujenga za mawe huku paa likiwa limesimama. Nyumba ya Cilewent, ambayo sasa imo katika makumbusho ya St Fagans karibu na Cardiff, ilianza yapata mwaka 1470 ikiwa ya mbao, ilhali kuta zake za mawe ni za 1734.

Masizi yana habari nyingi, kwa hiyo yapeni muda. Katika nyumba kama Hendre'r-ywydd Uchaf ya mwaka 1508, ambayo nayo imo St Fagans, moto uliwashwa sakafuni katikati ya ukumbi, bila dohani, na moshi ukapanda hadi kwenye nyasi za paa. Moshi wa namna hiyo huacha utando mgumu ulioenea kwenye miti yote ya ukumbi. Weusi ulio mahali pamoja tu, ubavuni mwa dohani, huenda umetokana na ufa. Mkikuta mti mweusi upande mmoja na safi upande wa pili, jueni kwamba hapo palikuwa na kiambaza, na upande mweusi ndio uliokuwa ukumbi. Mimi hufurahi sana kila ninapoukuta mti wa namna hiyo, kwa sababu unanionyesha chumba ambacho hakipo tena.

Katika karne ya 16 na ya 17 wenye nyumba wengi waliingiza dohani ya mawe na sakafu ya juu ndani ya ukumbi huo. Tafuteni mahali ambapo mti wa zamani umekatwa ili kupisha mlango wa ghorofani, na mshono wima ukutani ambapo mawe ya upande huu hayakushikana na ya upande ule.

Tazameni pia mteremko wa kiwanja. Katika tŷ hir, nyumba ndefu ambamo watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, zizi liliwekwa upande wa chini ili uchafu utiririke kwenda nje.

Kuhusu matengenezo nasisitiza jambo moja: ukuta uliojengwa kwa chokaa uzibwe kwa chokaa. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza kimyakimya ndani ya miaka michache. Na ikiwa nyumba imo katika orodha ya majengo yanayolindwa, msibandue hata lipu ya zamani kabla ya kupata kibali cha halmashauri, maana chini yake huenda mkakuta fito zenyewe, zikiwa bado na alama za vidole vya aliyezikandika.