Jibu: Mwanangu kashinda tuzo ya uchoraji, twende naye Dar wote au tumwachie mwalimu?

Mleta mada, hongera sana, na mwanao mfikishie hongera zangu. Umesema yuko kidato cha pili, tuzo inatolewa Dar es Salaam, na waandaaji wanalipia mwanafunzi na mwalimu mmoja tu. Unauliza kama wewe na mumeo mna haja ya kujikamua nauli kwa shughuli ya asubuhi moja, na kama mdogo wake abaki.

Nendeni wote. Baba mtu hasa asikose. Nasema hivyo kwa sababu yametukuta sisi, tukitokea Tunduru, na kidogo tu tumwache baba nyumbani.

Binti yangu alichora kwa mkaa. Mkaa huu huu wa jikoni. Alikuwa anachambua vipande vyembamba kwenye gunia, anavisugua kwenye sakafu mpaka vipate ncha. Alimchora bibi yake akibangua korosho. Watu wa kusini wataelewa: ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na bibi amebangua tangu usichana wake, kwa hiyo ncha za vidole vyake ni nyeusi na zimechanikachanika. Kwenye picha ile uso wa bibi umeingia kivulini karibu wote, lakini vidole unaviona mpaka mikunjo ya kucha. Baba yake alikuwa akisema mtoto anachezea masizi badala ya kusoma. Hakusema kwa ubaya. Shuleni kwao hakuna somo la uchoraji, wala hatukuwa na ndugu hata mmoja anayekula kwa kuchora. Ni mwalimu wa historia aliyeipiga picha kwa simu yake akaituma kwenye shindano.

Habari ya ushindi ilikuja wakati pesa ya mnada wa korosho ndiyo kwanza imeingia. Baba alishaipangia mabati. Tulibishana siku tatu, na aliyemaliza ubishi ni bibi mwenyewe: alisema kama mikono yake inakwenda kuonyeshwa mjini, mwanawe lazima awepo.

Kuhusu kubeba picha, sisi tulikosea na sitaki ukosee. Waandaaji walitaka ije ile halisi kwa ajili ya maonyesho. Tukaikunja mviringo, tukaitia kwenye kipande cha bomba la plastiki, tukaziba kwa kitambaa. Kazi ya mkaa au penseli haikunjwi hivyo, inajisugua yenyewe kwa yenyewe. Tulipoifungua Dar shavu la bibi lilikuwa limefifia, na binti yangu alilirudishia usiku kwa shangazi yake, kwa mkaa wa jiko la shangazi. Iweke bapa katikati ya maboksi mawili magumu, juu yake karatasi safi, funga pembe zote, na ndani ya basi ikae nanyi, isiingie kwenye buti. Wachoraji wengine hupulizia kwa mbali dawa ya kopo ya kushikisha nywele (hair spray) ili mkaa ushike. Jaribuni kwanza kwenye karatasi nyingine.

Safari ni ya siku nzima. Tulitoka alfajiri, tukapita Masasi, Lindi, Nangurukuru, jua lilikuwa linazama tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, na Mbagala tukafika usiku. Mdogo wake binti yangu alitaka kulihesabu lile daraja kwa hatua; ni mita 970, angehesabu mpaka achoke. Fikeni walau siku moja kabla. Kutoka kwenye basi moja kwa moja kwenda ukumbini ni kumtesa mtoto.

Sherehe yenyewe sina mengi. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akafika saa tano kasoro. Bebeni chai na vitafunwa. Jina la binti yangu kwenye cheti lilikosewa herufi mbili, kwa hiyo watumieni mapema jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na tunzeni tiketi za basi, maana bila hizo mwalimu hatarudishiwa nauli. Binti alipanda jukwaani, akapeana mkono, akashuka. Nililia, sikatai. Lakini kama tungepanda basi kesho yake tukarudi, nadhani baba angerudi na cheti tu.

Kesho yake shangazi alitupeleka Oysterbay, Morogoro Stores, walipo wachoraji wa Tingatinga. Huyu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru kwetu, mwaka 1932. Alikwenda Dar kutafuta kazi kama vijana wengine wote, na mnamo 1968 akaanza kuchora ndege na wanyama kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora, na mpaka leo ushirika mzima unaishi kwa alichokianzisha. Mdogo wake binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, aliangaza huku na huku akauliza tingatinga liko wapi, kwa maana analijua lile la kuchimba barabara. Mzee mmoja pale alimkalisha kwenye kigoda na kumsimulia habari hiyo, na aliposikia tunatokea Tunduru akaweka brashi chini, akatusalimia upya.

Alikuwa anachora tembo kwenye kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Kwanza rangi ya nyuma, inaachwa ikauke kabisa, ndipo mnyama, ndipo madoa. Alimpa binti yangu brashi yenye nywele chache kama za kope, na rangi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akamwambia atie madoa sikio moja. Mwanangu alishika pumzi kila doa. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, halafu nikageuka kumwangalia baba yake, naye hakuwa anaangalia tembo. Alimuuliza mzee:

"Kopo moja la rangi linatoa picha ngapi?"

Wakaongea hivyo kwa muda mrefu, kama wakulima wawili wanaoulizana mbegu na dawa. Bei ya rangi, miezi ambayo wageni hawaji, nani anakata fremu. Mwisho baba akauliza kama watoto wa mzee wamesoma. Akajibiwa wamesoma, mmoja yuko chuo, kwa brashi hii hii. Njiani kurudi kwa shangazi akauliza, mwenyewe, chuo cha sanaa cha Bagamoyo wanachukua wa kuanzia kidato cha ngapi. Maneno ya jukwaani hayakumfikisha hapo. Alihitaji kumwona mtu mzima ameketi kazini, mikono ina rangi, na nyumbani kwake kunaliwa.

Mkipata siku ya pili, nendeni na Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako wasanii wana karakana zao ndani ya makontena. Huko utaona wanaochora tofauti kabisa na Tingatinga, na mtoto ajue njia si moja.

Sasa hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Waandaaji waliomba kubaki na picha kwa muda, ionyeshwe sehemu nyingine, kisha itarudishwa. Tukakubali kwa mdomo, kwa furaha ya siku ile. Haijarudi. Simu zinapokelewa, tunaambiwa inatafutwa. Kwa sheria ya hakimiliki haki za mchoro ni za aliyeuchora, hata akiwa mwanafunzi, na kuwaruhusu waonyeshe si kuwapa. Lakini hatuna karatasi yoyote ya kuonyesha nani alipokea nini. Kilichobaki ni ile picha ya simu ya mwalimu, yenye kivuli cha mkono wake pembeni.

Tuliporudi, bibi aliomba aone. Nikampa simu. Aliitazama, akanyoosha vidole vyake kando ya kioo akavilinganisha, akaridhika. Kisha akauliza, "Na ile yenyewe iko wapi?"

Kwa hiyo kabla hamjatoka nyumbani, ipigeni picha nzuri mchana, nje kivulini, mbele na nyuma. Andikeni karatasi mbili: jina la mchoro, ukubwa wake, anayepokea, tarehe ya kurudisha, saini. Moja wabaki nayo, moja uje nayo kwenye pochi yako. Na mdogo wake mchukueni.