Re: Urani iliyofifishwa, kelele za nini?
Mkuu umeuliza kama urani imeshafifishwa sasa watu wanapigia kelele nini. Hilo jina ndo linawapiga watu chenga. Ni makapi tu yanayobaki wakishachuja urani ya mitambo ya nyuklia, mionzi imeshuka kama asilimia 40 ila haijaisha, na kupungua nusu ni miaka bilioni 4.5 (utasubiri sana). Wanajeshi wanaitengenezea makombora, wanaipendea uzito, inazidi madini ya risasi kama mara 1.7, kifaru cha vita inatoboa vizuri tu.

Kwangu mimi ishu kubwa wala sio mionzi, ni vumbi. Pita Gerezani pale Dar umcheki fundi anavyokata chuma na grainda, zile cheche, alafu jioni akipenga kamasi nyeusi tii. Sasa hiyo kitu ikigonga kifaru inawaka yenyewe inageuka unga mwembamba balaa, ukiuvuta unakaa kwenye mapafu, ukiingia kwenye damu figo ndo zinaumia maana ni sumu kama metali zingine nzito. Vita vya Ghuba 1991 yalipigwa makombora yenye karibu tani 300 za urani hiyo, Kosovo 1999 nako yakapigwa, wanajeshi wakarudi kwao, ila Iraq madogo wakabaki wanacheza juu ya vifaru vilivyoungua na watu wa skrepa wanavikata.

Ya kansa bado wataalamu wanabishana, sawa, hapo sikubishii. Ila Ubelgiji hawakusubiri ubishi uishe, walipitisha sheria ya kuyapiga marufuku makombora hayo tangu 2007.