Ukimripoti dereva teksi aliyemtapeli mgeni kuna kinachofanyika kweli? Maswali yenu ya Arusha na Moshi

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya teksi, na karibu yote yanaishia pale pale: jamani hivi kuripoti kunasaidia au tunajichosha bure? Nimeyafupisha kidogo, majina nimetoa. Twende.

Mama mwenye gesti, Sakina, Arusha: Mgeni wangu Mjerumani alishuka stendi kubwa, akakubaliana na dereva "ishirini" mpaka kwangu. Kufika getini dereva anasema ishirini ni dola sio elfu. Mgeni kalipa maana giza linaingia na ana mabegi, kesho yake kaondoka kwenda Serengeti. Niripoti? Na kosa liko wapi wakati walikubaliana?

Shikamoo mama. Ripoti, tena una hoja nzuri kuliko unavyodhani.

Tutenganishe vitu viwili kwanza maana watu wanavichanganya sana. Teksi zetu za kijiweni hazina mita, bei ni maelewano. Daladala na mabasi nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na inajulikana, teksi ya kijiweni unaongea na dereva mpaka mnaelewana. Kwa hiyo mgeni akitajiwa elfu arobaini kwa safari ambayo wewe ungelipa elfu kumi, akasema sawa, inauma ndio ila hakuna askari atakayemkamata mtu kwa hilo. Kubadilisha bei mkiwa mmeshafika, mabegi bado yako kwenye buti, hicho ni kitu kingine kabisa.

Na hii habari ya dola, tangu Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, ni marufuku kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma ya hapa ndani. Sasa muangalie huyo dereva. Akisema walikubaliana dola, kakiri kutaja bei kwa dola. Akisema walikubaliana shilingi, kachukua zaidi ya makubaliano. Pote pawili kajifunga, na ukimwambia mwenyekiti wa kijiwe hivyo kwa utulivu ataelewa haraka sana.

Maana mi naona uanzie hapo kijiweni. Kijiwe kina mwenyekiti na katibu, kina foleni, na kumsimamisha dereva kwenye foleni hawahitaji hakimu. Nenda na namba ya gari, tarehe na saa. Ukienda na "alikuwa na kagari keupe, mrefu hivi" utarudi ulivyoenda, teksi nyeupe mji huu ziko ngapi mama yangu?

Kaka wa risepsheni kwenye hosteli, Moshi mjini: Nilienda kituoni kuripoti dereva aliyebadilisha noti ya mgeni, kapewa elfu kumi akaizungusha mkononi akaonyesha elfu moja, eti ndo umenipa hii. Askari akauliza mlalamikaji yuko wapi nikasema kapanda mlima. Akafunga daftari. Sasa si bora ninyamaze?

Usinyamaze kaka. Najua imekukatisha tamaa, ila hebu tuangalie ilipokwama.

Noti ya elfu kumi na ya elfu moja hata rangi hazifanani, moja nyekundu nyingine bluu, kwa hiyo hapo hakuna cha bahati mbaya, ni mchezo wa mtu anayejua mgeni bado hajazizoea pesa zetu. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, liko kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302. Tatizo ni kwamba kesi inamtaka aliyeibiwa aje aseme kilichotokea, na wageni wetu ratiba zao unazijua, kapanda Machame siku sita au saba, kashuka, kalala usiku mmoja, kesho yake yuko KIA anasubiri ndege. Dereva mwizi anaijua hio ratiba vizuri kuliko polisi na ndo maana anachagua mgeni, hachagui bibi wa Kiboriloni ambaye kesho atamkuta pale pale stendi.

Kwa hiyo cha kufanya ni kuwahi. Mgeni akikulalamikia usiku, asubuhi kabla gari la mlima halijamchukua mpitishe kituoni, aandikishe maelezo yake na asaini, mpate RB (namba ya taarifa yenu kwenye daftari la polisi), aache barua pepe na namba anayopatikana. Ni nusu saa, ikizidi sana saa moja, na kampuni yake ya mlima ukiwaeleza vizuri watasubiri. Kwa upande wa Arusha kuna kituo cha polisi cha utalii na diplomasia, pale kusikiliza wageni ndo kazi yao ya kila siku, mgeni akipata shida akiwa huko mpeleke huko. Wewe mwenyewe unaweza kuwa shahidi ila kwa ulichokiona kwa macho yako, ulichosimuliwa na mgeni hakina nguvu sana.

Na polisi sio mlango pekee. LATRA wanashughulika na leseni ya kubeba abiria, kwa hiyo malalamiko kwao hayamlazimu mgeni arudi kutoka Ulaya kuja kusimama kizimbani. Wana ofisi mikoani, Arusha na Kilimanjaro zote, na wana namba ya simu ya bure. Pia lipo baraza la kutetea watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC, hili watu wengi hawalijui. Peleka maandishi, sio maneno tu, na bakiza nakala.

Kitu kingine nakiona kwenye swali lako na kwenye mengine mengi, tunadhani mwenye malalamiko ni mgeni peke yake. Mgeni kapoteza elfu tisa anasahau. Anayebaki na hasara ni wewe na hosteli yako na dereva mwaminifu wa kijiwe kile kile, maana huyo mgeni akifika kwao anawaambia wenzake Moshi kuweni makini na teksi. Sasa kwa nini usubiri yeye ndo alalamike? Hosteli inaweza kuandika barua yenyewe, kwa jina lake na kwa muhuri wake.

Dereva teksi wa miaka mingi, Moshi: Mnatuandika kama sisi wote ni wezi. Mimi kila siku napeleka hesabu ya siku kwa bosi mwenye gari, mafuta juu, na mtu wa risepsheni anataka elfu kumi yake kwa kila mgeni anayenipa. Bei ikipanda analaumiwa dereva. Na mkihamasisha watu kuripoti si tutaonewa?

Kaka umesema ukweli ambao wenye mahoteli hawapendi kuusikia, ngoja niuseme kwa sauti. Kamisheni ya risepsheni inaingia kwenye nauli. Dereva hatoi mfukoni kwake, anaipachika kwa mgeni, alafu hoteli ile ile ndo inakuja kulalamika kwamba teksi za mji huu bei zake haziaminiki. Kabla hujaenda kumripoti dereva kwa bei kubwa uliza kwanza mtu wako wa mapokezi amepokea shilingi ngapi. Nashauri hivi kwa yeyote mwenye gesti: kaa na madereva watatu wanne unaowaamini, kubalianeni bei ya stendi, ya mjini, ya KIA, andika kwa shilingi kwenye karatasi bandika ukutani pale mapokezi. Mgeni akiiona hio karatasi hakuna tena wa kumwambia ishirini ni dola.

Hesabu ya bosi nayo naielewa, mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana hajapata kichwa na hesabu inamsubiri, halafu anatokea mzungu ana mabegi mawili. Naelewa kishawishi kinatoka wapi. Lakini wewe hesabu unayo na hujabadilisha noti ya mtu miaka yote hio, kwa hiyo hesabu haiwezi kuwa ndo sababu.

Kuhusu kuonewa uko sahihi na hili nawaomba wasomaji wote walishike. Ripoti namba ya gari, saa, mahali, pesa iliyokubaliwa na pesa iliyochukuliwa, basi. Usiongeze chumvi, usiseme "ni kawaida yao hao". Na dereva asikilizwe kabla hajasimamishwa, mwenyekiti wa kijiwe anayeendesha mambo bila kusikiliza pande zote mbili naye ni tatizo. Ila pia kaka, nyie mnawajua. Kila kijiwe kinawajua watu wake wawili watatu, na teksi bubu zinazookota wageni pembeni ya stendi bila leseni mnazijua kwa namba. Ripoti inayotoka kwa madereva wenyewe ina uzito kuliko ya kwangu mimi.

Dada mwenye hoteli ndogo, Arusha: Wageni wangu wawili walioshalipa kabisa waliambiwa na teksi kwamba hoteli yangu imefungwa kwa ukarabati, wakapelekwa kwingine. Nimekuja kujua baada ya siku mbili.

Pole sana dada. Huu mchezo ni wa zamani na kwa maoni yangu ndo mbaya kuliko yote, kwa sababu mgeni hajui hata kama kaibiwa, anadhani kasaidiwa.

Lakini hapa mlalamikaji upo, ni wewe, huendi Serengeti wala hupandi ndege. Una booking yao, una malipo, una meseji zao. Waombe wakuandikie kwa barua pepe jinsi ilivyokuwa na gari lilikuwa lipi, uliza na hoteli waliyopelekwa, kwa upole, dereva gani aliwaleta, mara nyingi wanamjua maana wamempa chake. Peleka kijiweni, peleka LATRA, na polisi pia. Na akishawapeleka kwingine akaanza kuwauzia na safari ya mbugani, hio ni nyingine tena, biashara ya utalii inataka leseni ya TALA chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, huwezi kuwa na teksi tu ukaanza kuuza Ngorongoro.

Kuanzia sasa kila aliyebook mtumie ujumbe siku moja kabla: tuko wazi, namba yetu hii, ukiambiwa tumefunga tupigie kabla hujashuka kwenye gari.

Mwanafunzi, Njiro: Dereva wa apu anakubali safari, anapiga simu anauliza unaenda wapi, alafu anasema kansel tumalizane nje ya apu. Nikiripoti kwenye apu kuna mtu anasoma?

Ripoti ukiwa bado ndani ya apu mdogo wangu, safari ipo, jina lipo, njia ipo. Ukishakansel mkaelewana pembeni ushahidi wako umeutupa mwenyewe. Piga skrinishoti kabla. Na kitu cha kuangalia zaidi ni gari lililokuja, kama namba sio ile ya kwenye simu au sura sio ile usipande kabisa, hata kama anasema ni la kaka yake. Hilo liripoti siku hio hio maana ni usalama wako, tena kama umepanga gari hilo kwa ajili ya rafiki mgeni.

Angalia na rangi ya namba: gari la biashara lina pleti nyeupe, la binafsi lina ya njano.

Msomaji wa Tengeru: Kwa nini nihangaike na ofisi wakati nikiposti picha ya dereva kwenye grupu la WhatsApp mji mzima unamjua ndani ya saa moja?

Kwa sababu ukikosea umemharibia mtu maisha ndani ya hio hio saa moja, na hakuna namna ya kuirudisha. Gari moja linaweza kuendeshwa na watu wawili, wa mchana na wa usiku, umepiga picha ya nani? Alafu sheria nazo zipo, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Unaanza ukiwa mlalamikaji unamaliza ukiwa mlalamikiwa. Pia dereva akishaona sura yake kwenye grupu anahama kijiwe anaenda kufanya yale yale Usa River au Boma, hajaguswa leseni wala nini.

Kutoka Rau, Moshi: Mgeni kasahau begi lenye pasipoti kwenye teksi. Kuripoti au kusubiri?

Ripoti sasa hivi. Polisi, upate taarifa ya upotevu, ubalozi wataitaka wakimpa hati ya dharura ya kusafiria. Wakati huo huo mtu mwingine aende kijiweni, maana madereva wengi wakikuta begi wanalileta wenyewe, nao wanahangaika kukutafuta.

Kutoka Kijenge, Arusha: Mgeni wangu kazidishiwa nauli elfu tano tu. Nako niripoti?

Polisi hapana. Mpigie mwenyekiti wa kijiwe, mwambie gari namba fulani imefanya hivi, hutaki ugomvi, unataka ajue. Alafu andika kwenye daftari la hapo kwako, tarehe, namba ya gari, kiasi. Gari hilo hilo likirudia kwa mgeni mwingine, unabeba yote mawili pamoja unayapeleka LATRA kwa maandishi, na pale hawataangalia tena kama ni elfu tano.