Yaondoe mayai: mimi hadithi yangu ilivunjwa na shangazi

Yaondoe yale mayai ya kuchemsha kwenye hadithi yako, na uyaondoe usiku huu huu kabla hujalala. Umeandika kwamba Jumamosi unakwenda Tabata kutambulishwa kwa kaka zake mchumba wako, kwamba ada yako ya chuo ililipwa na kaka yako mkubwa tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, lakini kwa kuwa habari hiyo, kwa maneno yako, "haina mvuto", umeamua kuwaambia kuwa ulijisomesha kwa kutembeza mayai na kachumbari usiku. Kisha unatuuliza, kwa utulivu kabisa, hadithi hiyo ichukue dakika ngapi, umtaje mtoto uliyempata kabla ya uchumba huu au unyamaze kwanza, na ubebe zawadi gani. Niliusoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili maziwa yalifurika jikoni nikiwa nimesimama palepale.

Mimi nilifanya jambo hilo hilo mwaka 2014, ila mahali pa mayai niliweka stendi.

Ukweli wangu ni huu. Nilitoka Muheza mwaka 2009 kwa basi la asubuhi, nikiwa na begi moja na kiroba cha machungwa, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa ndugu mikono mitupu. Shangazi yangu alikuwa akinisubiri stendi ya mabasi ya Ubungo tangu saa sita mchana. Tukapanda daladala mbili hadi Mtoni, na jioni hiyo nilikula wali wa nazi na samaki mpaka nikaona haya. Nililala sebuleni juu ya godoro la sufi alilokuwa amelianika jana yake kwa ajili yangu, nikaishi hapo miaka minne bila kuchangia hata umeme. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, hakututajirisha, lakini hakuna usiku tuliolala na njaa. Kwa kifupi sikuwa na mkasa wowote, na kwa muda mrefu sikujua kuwa hilo ni tatizo.

Aliyenijulisha kuwa ni tatizo alikuwa bwana mmoja aliyejiita kocha wa mahusiano, ambaye kwa shilingi 120,000 alitufundisha Jumamosi tatu mfululizo katika ukumbi mmoja wa Sinza wenye feni iliyozunguka kwa hiari yake. Ubaoni aliandika maneno matatu kwa herufi kubwa: SHIMO, NGAZI, KILELE. Alisema hakuna mwanamke wala rafiki wala bosi anayemwamini mtu ambaye hajawahi kuwa shimoni, na akatutaka kila mmoja asimame ataje shimo lake. Ilipofika zamu yangu nilisema kwa unyofu kwamba sina. Alinitazama kama fundi anavyolitazama gari lililoletwa gereji halina injini, kisha akaniuliza, "Ulipokuja Dar es Salaam ulishukia wapi?" Nikamjibu kwamba nilishukia Ubungo. "Basi ulilala hapo," akasema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga. Yaani nilimpigia makofi mtu aliyekuwa anamfuta shangazi yangu mbele ya macho yangu.

Hadithi ilianza na usiku mmoja, na huo ndio ubaya wake, kwamba haikubali kubaki ndogo. Nilipomkuta yule binti katika kikao cha harusi ya rafiki yetu, usiku mmoja ulikuwa umeshakuwa mitatu, na kufikia mara ya tatu tulipokutana ulikuwa saba. Niliongeza mlinzi aliyenipa boksi la kulalia, nikaongeza na mama ntilie aliyekuwa ananipa ukoko kila asubuhi akishafunga biashara ya usiku. Binti alilia, na nakiri kwamba mbinu ilifanya kazi, maana tangu jioni ile aliniangalia kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuniangalia. Wanaokwambia kuwa uongo haufanyi kazi hawajaujaribu. Unafanya kazi vizuri mno, kisha unadai malipo.

Malipo ya kwanza yalikuja Jumapili moja aliponijia na doti ya khanga mpya, akasema twende Ubungo tukamtafute yule mama tumshukuru. Fikiria mwenyewe. Nilizunguka kituoni pale saa nzima juani, nikiwauliza wauza chakula habari za mwanamke niliyemwumba mwenyewe kitandani, huku mchumba wangu akinifuata nyuma amekumbatia khanga. Mwishowe nikamtoa pembeni nikamwambia kuwa nimeambiwa amehamia Kilosa. Kwa nini Kilosa, mpaka leo sijui. Alisikitika, akaikunja ile khanga na kuirudisha mkobani, akasema ataitunza mpaka mama apatikane.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wazee, lakini yangu ilidumu miezi tisa na ikafika mpaka kwenye posa. Mwezi wa Desemba wazee wangu walikwenda Kimara kupeleka barua: mshenga, baba mdogo, na shangazi, ambaye alishona gauni jipya kwa siku hiyo na alikuwa amelijaribu mara mbili mbele yangu. Mimi nilibaki nje garini chini ya mwarobaini kama desturi inavyotaka, kwa hiyo yaliyotokea ndani nilisimuliwa na mshenga. Mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mjomba wake binti, mzee mwenye nia njema kabisa, alipotaka kunisifu. Alisema kwamba wao kama familia hawana wasiwasi, kwa kuwa kijana aliyelala stendi siku saba bila kuiba hata andazi hawezi kumwacha mke wake alale na njaa. Shangazi akaweka chini glasi yake ya juisi ya ukwaju na kuuliza, kwa adabu, ni kijana yupi huyo. Akaelezwa. Hakukasirika wala hakupandisha sauti. Aliwaomba radhi akasema huenda familia imepokea barua mbili na wamechanganya wachumba, kwa sababu wa kwake alimpokea yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, na alikuja na machungwa.

Nilimwona akitoka mlangoni peke yake, ameshika kiatu kimoja mkononi kwa sababu kamba yake ilikuwa imekatika kwenye ngazi. Alifungua mlango wa gari, akaketi, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, hivi ile stendi uliyolala ndiyo mimi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Utadhani waliniacha kwa sababu ya siku saba za kubuni, lakini haikuwa hivyo hasa. Kilichonimaliza ni kwamba baada ya hapo hata ukweli wangu ulipoteza thamani. Baba wa binti aliuliza swali moja tu, kwamba kama njaa ameibuni, mshahara je? Wakapiga simu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha nilikokuwa karani kuhakikisha kama kweli nimeajiriwa, wakauliza cheti changu kilitolewa wapi, wakamtuma mtu kuulizia kama sina mke Muheza. Kazi ilikuwa ya kweli, cheti kilikuwa cha kweli, na mke sikuwa naye, lakini kila jibu sahihi walilolipata lilionekana ni bahati tu. Binti mwenyewe alinipigia mara moja. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema kuwa miezi tisa alikuwa akimlilia kijana wa stendi ambaye hakuwahi kuwepo, na kwamba hajui sasa yale machozi ayapeleke wapi. Alhamisi iliyofuata bahasha ya posa ilirudishwa na mshenga. Pamoja nayo ilikuwemo ile doti ya khanga, na kikaratasi chenye mstari mmoja: "Mpe shangazi yako, ndiye aliyekulisha."

Nilimpigia kocha. Nilitarajia pole, au angalau aibu kidogo. Aliniambia kuwa kosa halikuwa la mbinu, bali sikuwaandaa ndugu zangu kuihimili hadithi, na kwamba somo hilo linapatikana katika hatua ya pili kwa shilingi 200,000. Kumbe nilitakiwa kumwandaa shangazi aikane siku aliyosimama juani kunisubiri! Tangu siku hiyo nikiona tangazo lenye picha ya mtu aliyekunja mikono kifuani akijiita kocha, shinikizo la damu hunipanda, na mimi sina ugonjwa huo.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua baadaye kwamba hata "utafiti wa Marekani" aliokuwa akiutaja kila dakika kumi aliupotosha. Upo kweli. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu akijibu maswali magumu ya chemsha bongo, na katika baadhi ya kanda mhusika alisikika akijimwagia kahawa. Yule aliyejibu karibu maswali yote kwa usahihi alipendwa zaidi alipomwaga kahawa. Yule aliyejibu ovyo alipendwa pungufu kwa kosa lile lile. Kocha wetu alichukua nusu ya kwanza akaifanya dini, ya pili akaiacha. Udhaifu mdogo humpendezesha mtu ambaye watu wameshaona kuwa anaweza kazi yake, wala hauzibi pengo la asiyeonekana kuweza chochote. Tena kahawa ile ni jambo dogo la dakika moja, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukikosa kahawa ukalale stendi.

Faraja niliipata Februari 2015, na ilikuwa faraja ya kichoyo. Brian Williams, mtangazaji mkubwa wa habari wa kituo cha televisheni cha NBC kule Marekani, alisimamishwa kazi miezi sita bila mshahara kwa sababu alikuwa amesimulia kwamba helikopta aliyopanda Iraki mwaka 2003 ilipigwa kwa roketi. Haikupigwa ya kwake, ilipigwa nyingine. Nani waliomuumbua? Ni askari waliokuwamo ndani ya ile iliyopigwa. Nikasema moyoni, naam, naye ana shangazi zake.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu, na ukitaka usahau mengine yote niliyoandika, hii usiisahau: usisimulie jambo lolote kukuhusu ambalo mtu aliyekuwepo siku hiyo hawezi kulisikia akiwa ameketi kando yako, bila kuweka glasi chini. Sisemi usipange hadithi yako. Ipange, chagua pa kuanzia, ruka yanayochosha, acha ya chumbani chumbani. Lakini kila sentensi uipitishe kwanza mbele ya aliyekuwepo. Kaka yako alikuwepo, yeye ndiye aliyelipa, na siku ya posa yeye ndiye atakayeketi mkekani kwa niaba yako huku shemeji wanamsifia mdogo wake kwa kuuza mayai.

Isitoshe, unaitupa hadithi nzuri na kuokota mbovu. Mpigie kaka leo umuulize aliacha nini ili ada ipatikane, kwa sababu kuna kitu alikiacha, kiwanja au harusi au pikipiki, na nina hakika hujawahi kumuuliza. Ukiwaeleza shemeji zako kwamba mtu fulani aliahirisha jambo lake kwa ajili yako na kwamba hujalisahau, watakuwa wamepata kile wanachokitafuta, maana kaka wa binti hawapimi umeteseka kiasi gani. Wanapima kama ukitendewa wema unaukumbuka. Mimi nilikuwa na godoro la sufi lililoanikwa juani na mwanamke aliyesimama Ubungo tangu saa sita, nikaona havina mvuto. Na huyo mtoto, mtaje, kwa kuwa mama yake naye alikuwepo.

Shangazi alinikalia kimya miezi minane. Nilipompelekea ile khanga na kumweleza imetoka kwa nani, aliisoma maandishi yake, akaingia nayo ndani, na aliporudi aliniuliza kama nimekula. Mwaka 2021, kituo kipya cha mabasi cha Mbezi Luis kilipozinduliwa kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo, alinipigia simu mapema asubuhi, jambo ambalo si kawaida yake, nikashtuka nikidhani kuna msiba. "Nimesikia habari redioni," akasema, "wameihamisha nyumba yako."