Kitabu cha Asembli Kisichoijua Kompyuta Yako

Juzi kijana mmoja anayesoma huko Nyegezi, Mwanza, na anayejifunza asembli, lugha ya kuipa prosesa (ubongo wa kompyuta) amri zake moja moja, aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimenakili programu ya kwanza ya kitabu cha asembli herufi kwa herufi, lakini kila nikiiendesha inakufa na kuandika Segmentation fault. Nimekosea wapi?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu swali hilohilo nililiuliza mimi darasani, na mwalimu wangu akanijibu mbele ya wenzangu kwamba kompyuta yangu ni mbovu. Nilimwamini. Nilipanda daladala hadi mjini, nikamlipa fundi abadilishe memori ambayo, sasa najua, haikuwa na ugonjwa wowote, na jioni programu ikafa vilevile.

Kosa halikuwa la kompyuta wala langu. Kitabu chetu kiliandikwa kwa ajili ya 8086, prosesa ambayo Intel iliitoa mwaka 1978, na kila kilipotaka kuonyesha neno kwenye skrini kiliita int 21h, yaani kiliomba huduma kwa DOS, mfumo endeshi wa zamani. Linux ya biti 64, mfumo endeshi tunaoutumia sisi, haina karani wa dirisha hilo. Programu ikiligonga, inauawa papo hapo.

Baadaye nikapata mafunzo ya bure yanayotumia int 80h, njia ya zamani ya kuiomba Linux huduma, nikadhani nimevuka. Ujumbe wangu ulichapwa vizuri, na kwa furaha ile niliamka saa kumi alfajiri, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa bado zinaonekana ziwani, nikaandika programu ya kuchapa namba, tarakimu zake nikiziweka kwenye staki, sehemu ya memori ya kuwekea vitu kwa muda. Haikufa, haikulalamika, ilinyamaza tu. Siku tatu! Kumbe int 80h ni mlango wa biti 32: husoma nusu ya chini tu ya anwani, ilhali anwani ya staki kwenye mashine ya biti 64 haienei humo, kwa hiyo Linux ilizitafuta tarakimu zangu mahali pasipo na kitu, ikarudisha namba ya kosa ndani ya rax, mojawapo ya rejista, yaani visanduku vidogo vilivyo ndani ya prosesa. GDB, programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine inapoendeshwa, ndiyo iliyonionyesha namba hiyo, -14. Ilikuwa imekaa pale siku zote, nami sikuwahi kuitazama.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kujifunza lugha hii, kabla ya kutafuta kitabu andikeni lscpu kwenye terminali ya Linux, msome kama mashine yenu ni x86_64 (ya ukoo wa Intel) au aarch64 (ya ukoo wa ARM). Kisha angalieni mfano wa kwanza wa kitabu: mkiona int 21h, kifungeni, mkiona int 80h, ni cha biti 32, mkiona syscall, amri ya kuiomba Linux huduma kwa biti 64, pamoja na rejista rax na rdi, kaeni nacho. Simu nyingi za Android ni za ARM, na huko hata majina ya rejista ni mengine kabisa. Miongozo ya Intel ni ya bure, lakini ina maelfu ya kurasa, basi ingieni juzuu ya pili mkiwa na amri moja mnayoitafuta. Mwalimu aliyenivumilia kuliko wote ni gcc, mkalimani anayegeuza lugha ya C kuwa asembli: mpe kazi ndogo ya C, umwambie -O1 -S -masm=intel, usome alichoandika. Ukiliacha lile neno la mwisho, atakupa mtindo wa AT&T, ambao hutanguliza data inakotoka na kumalizia na inakokwenda, kinyume cha miongozo ya Intel; hilo lilinipotezea wiki ambayo sitaisimulia. Na acheni kukusanya PDF. Mimi ninazo arobaini, nimezisoma mbili.

Wewe wa Nyegezi, futa int 21h. Weka 1 ndani ya rax, 1 ndani ya rdi, anwani ya ujumbe ndani ya rsi na urefu wake ndani ya rdx, kisha syscall. Kwa kutoka, rax iwe 60 na rdi sifuri. Ikikataa, niletee kompyuta yenyewe Jumamosi hapa Kirumba, baada ya saa tisa. Kwa fundi usiipeleke.