Shangazi, kifaru kimoja cha bei kimenifanya nivichukie vingine vyote 46

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, nakusanya vifaru vya vita vidogo vidogo vya mapambo na vijisanamu vya askari tangu nikiwa na miaka 20. Ninavyo 46, vyote vya bei chee, vingine nimeunga mwenyewe vingine nilinunua vimeshapakwa rangi. Miezi mitatu iliyopita nikajilipua nikanunua Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ile yenye namba 131, toleo maalum lenye cheti, kizito cha chuma, hata yale mawimbi mawimbi ya mwilini yamechongwa yote unayahisi kwa kidole. Bei yake ni kama mara kumi ya vile ninavyonunuaga. Sasa tangu kiingie ndani, vile vingine naviona takataka, hata hamu ya kuvifuta vumbi sina. Shemeji yangu naye anakusanya, ananiambia niuze vyote 46 nichukue vitatu vya maana kama hicho. Mke wangu nilimwambia hii Tiger ni ya bei ya kawaida tu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Usiuze kitu. Lishike hilo kwanza afu endelea kusoma ukiwa umetulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ile ya pili nilikua naitafuta sentensi moja tu, hiyo ya mawimbi ya mwilini. Hayo mawimbi yana jina, yanaitwa Zimmerit, ni lipu ambayo Wajerumani walikua wanaipaka kwenye vifaru vyao ili mabomu ya sumaku yasinate, na walianza kuipaka nusu ya pili ya mwaka 1943. Tiger 131 Waingereza waliiteka Tunisia mwezi Aprili 1943. Piga hesabu mwenyewe. Hicho kifaru chako kimevaa koti ambalo kilipokamatwa lilikua halijashonwa bado! Chenyewe cha kweli kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, na kinatembea kabisa, tafuta picha zake uangalie ubavu, mkavu, hakuna wimbi hata moja. Na ukiwa unaangalia, angalia na magurudumu ya chako, kama ukingo wake ni chuma kitupu hauna mpira basi hayo ni ya 1944, yaani watakua wamekuuzia vifaru viwili kwenye boksi moja.

Sijasema ukitupe, mi mwenyewe naamini ni kizuri. Ila ujue ulilipia nini. Ulilipia uzito, boksi, kile cheti, mkono wa mtu aliyepaka rangi, na uchache, maana wakisema tutatoa idadi kadhaa tu basi bei inapanda hata kama aliyechonga alikua anasinzia. Usahihi haukuwemo kwenye risiti. Na nakuhakikishia kwenye hivyo 46 unavyovinunia kuna kimoja au viwili vilivyo sahihi kuliko hicho bosi wao, we hujawahi kuvikagua tu kwa sababu vilikuja kwa bei ndogo.

Najua unajiuliza Shangazi haya kayatoa wapi. Marehemu mume wangu alikua na ugonjwa huohuo wa kwako. Yeye alipenda askari wa zamani wa risasi, risasi ile madini, siyo ya bunduki, wale wenye uwazi ndani ambao familia ya William Britain kule Uingereza ilianza kuwatoa mwaka 1893. Kila akiingia na kaboksi nikimuuliza bei gani hii, "cha kawaida tu hicho mama". Nikaamini miaka yote. Alipofariki, mtoto wa jirani akawapenda wale wapanda farasi, nikamfungia na boksi lao, nikajiona mtu mwema. Miezi mitano baadaye nikafungua daftari lake, kumbe mwenzangu alikua anaandika bei za kweli, kwa mwandiko mzuri kabisa, tarehe na kila kitu. Nilikaa chini aisee. Nikaenda kwa jirani nikakuta farasi wawili hawana vichwa, na mtoto anawaweka mdomoni, na risasi ni sumu, kwa hiyo kwa mkono mmoja niligawa hela nyingi na sumu. Tutarudi kwenye hili daftari, usijifanye hujaelewa.

Waliobaki nikasema nitawatunza, nikawawekea kabati la mwaloni la bei, milango ya kioo inafunga kisawasawa. Baada ya muda nikaona unga mweupe miguuni mwao, nikidhani vumbi, nikifuta unarudi, na mguu wenyewe unazidi kulika. Mbao kama mwaloni inatoa mvuke wa asidi, ukiifungia na risasi pasipo hewa, risasi inageuka unga. Nikawahamishia kwenye shubaka la chuma na kioo, bei yake haifiki hata robo ya lile kabati, na wako salama mpaka leo. Basi wakija watu na ile yao ya rahisi ghali mi nawaangalia tu.

Sasa twende kwenye swali lako lenyewe, hela iende wapi. Mimi nasema iende kwenye sura za watu, kwenye chuma ubane.

Nisikilize vizuri. Kifaru cha kweli ni kitu kichafu, kina matope, kutu, moshi, rangi imebabuka, dumu linaning'inia nyuma. Kwa hiyo kifaru kidogo cha bei chee kinaokoleka. Kinachokifanya kionekane toi mara nyingi ni mng'ao tu, ukikipulizia vanishi isiyong'aa nusu ya utoi unaondoka palepale, afu unapitisha rangi ya kahawia iliyokoza uliyoichuja sana na maji ikajae kwenye mifereji na kwenye riveti, unakausha, unakipaka matope chini, na mtutu ambao haukutobolewa unautoboa na keekee ya mkono ya ncha nyembamba. Jioni moja tu hiyo. Lakini askari mwenye uso mbaya hana dawa. Kwenye skeli ya 1/35, yaani kitu kimepunguzwa mara 35 kuliko cha kweli, kichwa cha mtu ni milimita 6 na ushee, jicho lenyewe halifiki milimita moja, na pamoja na udogo wote huo macho ya binadamu yanakimbilia hapohapo kwanza. Weka kifaru cha milioni pembeni ya askari mwenye sura ya kiazi, mgeni wako atakumbuka kiazi. Tena hapa kuna njia ya katikati ambayo shemeji yako sidhani kama kakwambia, vichwa vya resini, ile plastiki ngumu ya kumimina, vinauzwa peke yake, vimechongwa vizuri ajabu, unanunua seti ya askari wa bei chee, unakata vichwa vyao na kisu, unavipandikiza vile vingine. Hela ndogo, mabadiliko makubwa. Ila resini ukiikata au kuipiga tupa vaa barakoa, vumbi lake siyo la kuvuta, na kabla ya rangi uioshe na sabuni maana inatoka kwenye kalibu na mafuta.

Halafu kuna mambo ya kuangalia kwenye kifaru kabla hujaangalia bei, mi naanza na minyororo. Tiger na T-34 ya Warusi hazina vile vigurudumu vidogo vya kushikilia mnyororo kwa juu, kwa hiyo mnyororo unalala kwa uzito wake juu ya magurudumu, unalegea kama kamba ya nguo. Kwenye vya ovyo umevutwa umenyooka kama mkanda wa mashine, na hilo utalikuta hata kwenye vya bei mbaya. Ni ile minyororo ya mpira mpira, na ubaya wake mwingine, kuna inayokula plastiki, ukikiacha miaka unakuta gurudumu limeyeyuka pale lilipogusana. Ya vipande vipande inachosha kuunga ila inalala inavyotakiwa. Ukitoka kwenye minyororo hesabu magurudumu na mapengo yake. T-55 na T-62, nazo za Warusi, zote zina magurudumu matano kila upande, lakini T-55 pengo kubwa liko baada ya gurudumu la kwanza, T-62 mapengo yako kwa nyuma, na nimeshaona mtu ameuziwa moja kwa jina la nyingine tena kwa bei ya kuringia.

Na ukifika kwenye hivi vya kuunga, geuza boksi, geuza kifaru, angalia tumbo. Kalibu za chuma ni ghali mno kutengeneza, kwa hiyo kampuni ikishatengeneza inaitumia miongo na miongo, inabadilisha picha ya juu tu. Tamiya wa Japani bado wanauza vifaru vya miaka ya 1970, na baadhi vina matundu tumboni kwa sababu enzi hizo vilikua vinawekwa mota na betri vitembee sakafuni. Hata hii skeli ya 1/35 unayoikuta kila mahali ilianzia hapo, Panther yao ya kwanza, kifaru kingine cha Wajerumani, walipima mwili wake betri zienee, wala hakuna profesa aliyekaa kikao. Kuna vya zamani ambavyo bado ni vitamu na bei yake ni ya kistaarabu, ubaya ni kulipa bei ya kalibu mpya kwa kitu cha umri wa baba yako.

Skeli nayo usiidharau, hii ndo inakula hela za watu kimyakimya. Mtu wa mita 1.75 kwenye 1/35 ni sentimita 5 kamili, kwenye 1/32 ni karibu 5 na nusu. Nusu sentimita unaona si kitu, lakini huyo wa 1/32 ukimsimamisha pembeni ya kifaru cha 1/35 anakua jitu la mita 1.91, na ukiweka watano wa hivyo kikosi kizima kinakua cha wacheza kikapu. Tiger yako ni ya chuma, hizo nyingi zinakuja kwa 1/32 au 1/72, pima na rula kabla hujaiagizia askari. Nzima na mtutu wake ni mita 8.45, gawanya mwenyewe.

Shemeji yako simkatai moja kwa moja. Ukitoka kwenye vya bei ya chini kabisa kwenda vya kati ubora unaruka kweli, unauona hata ukiwa mlangoni. Ila kutoka vya kati kwenda vya juu kabisa tofauti unaitafuta na lenzi, na sehemu kubwa ni uchache na jina. Kwa hiyo hesabu yake ya 46 kwa vitatu ina kasoro, kwanza vya bei chee ukiviuza vilivyotumika unapata vijisenti, huenda hata kimoja hupati, pili unauza miaka 18 ya mkono wako, maana vingine umeunga mwenyewe. Shusha vyote kwenye shubaka, viweke mezani, rudi nyuma mpaka pale unaposimamaga ukiviangalia siku zote. Usivichungulie kwa pua. Vinavyokuita ukiwa hapo vinabaki, visivyokuita chagua viwili vitatu vya kujifunzia kupaka rangi bila woga (hiyo ndo raha ya cha bei chee, ukikosea hulii), vilivyobaki wape wanao wavichoshe, mradi siyo vya risasi. Afu ujipangie mada moja. Kwa kuwa Tiger yako ni ya Tunisia, kaa na jangwa la Afrika Kaskazini, mwaka 1942 mpaka 1943, Sherman ya Wamarekani iliingia vitani mara ya kwanza El Alamein kule Misri Oktoba 1942, Crusader ya Waingereza ilikuwepo, Panzer IV ya Wajerumani ilikuwepo, na rangi za jangwani ni chache, makopo manne matano yanakutosha. Mtu mwenye mada hela yake haimponyoki kila boksi jipya likitoka.

Umebaki wewe na mkeo. Mwambie bei leo, bei yenyewe, siyo "ilikua ina punguzo". Atanuna, mwache anune. Mi marehemu angeniambia ningenuna wiki nzima, lakini wale wapanda farasi wangekua hapa na vichwa vyao. Chukua daftari, andika kila kimoja na bei yake, mwonyeshe linakaa wapi, na ukimwambia ile habari ya lipu ya 1943 atacheka mpaka atasahau nusu ya hasira.

Kuna kimoja kwenye hivyo 46 lazima kina matundu tumboni, nina hakika. Ukikipata nitumie picha.