Anko, michoro yangu niiweke wapi?

Mwezi huu boksi la maswali limejaa tisheti tupu. Sijui kuna nini, ila karibu kila mtu anauliza kitu kilekile kwa maneno yake, ana michoro, hana mtaji, kasikia kuna tovuti zinachapa oda mojamoja na kumtumia mteja moja kwa moja, sasa aanze na ipi. Nimetoa barua chache, zingine nimezikata maana zilikuwa ndefu kuliko majibu yangu, na nyie mnanijua.

"Shikamoo Anko. Mi nachora usiku nikitoka kazini, nna michoro kama arobaini imekaa tu kwenye laptop. Nimeangalia Redbubble, Printify, Printful, Etsy, Shopify, Amazon mpaka kichwa kinagonga, kila mtu kwenye video anasema ya kwake ndo bora. Hela ya kununua tisheti mia niziweke ndani sina. Niambie moja tu Anko, moja, niende nayo." – Mchora Usiku

Marahaba mwanangu. Moja ntakwambia ila subiri kwanza, hayo majina umeyatia kapu moja wakati hayafanani kabisa. Ni sawa na kuniuliza bora cherehani au bora meza ya sokoni, we mwenyewe unaona swali halijakaa.

Kuna soko na kuna kiwanda. Redbubble, iliyoanzia Melbourne kule Australia mwaka 2006, ni soko. TeePublic soko, Zazzle soko, Amazon Merch on Demand soko. Watu wanaingia humo wenyewe kutafuta tisheti ya paka anayesoma kitabu, wakikuta ya kwako na wakaipenda wananunua, tovuti inachapa, inatuma, inapokea malalamiko, halafu inakupa kipande chako. We kazi yako kuchora, kuipa dizaini jina linaloeleweka na kuweka maneno ambayo mnunuzi angeyaandika akitafuta. Basi.

Printful, Printify, Gelato hao ni kiwanda. Wateja hawakuletei, wao wana mashine (au wanajua mwenye mashine, ntakuja huko). Duka unafungua sehemu nyingine, Shopify au Etsy au tovuti yako mwenyewe, unaliunganisha na kiwanda, oda ikiingia inaenda kwao yenyewe bila we kugusa kitu, wanachapa, wanamtumia mteja, wanakukata gharama yao na kilichobaki chako. Bei unapanga we. Mteja wako. Na mteja akikasirika pia wako, hiyo kwenye video huwa wanaipita mbiombio.

Etsy ndo inawachanganya watu zaidi. Yenyewe ni soko, wanunuzi wapo kweli, lakini haichapi chochote, kwa hiyo unaikuta kila mara imefungwa pamoja na Printify au Printful. Na wanataka useme wazi kwenye bidhaa kwamba kuna mshirika anayekutengenezea, usifiche.

Sasa kabla ya kuniuliza tovuti jiulize mwenyewe, mteja ataletwa na nani? Kama una watu wanaokufuata, wanakuita fundi, wanakuomba kitu cha kununua, soko la nini? Nenda kiwanda plus duka lako, faida kubwa inabaki kwako. Kama hakuna anayekujua, na nadhani ndo hali yako maana ungekuwa umeshaniambia, ukifungua duka lako peke yako utakuwa umefungua duka porini, usajili wa kila mwezi unalipa na mlango haugongwi.

Kwa hiyo moja uliyoomba: anza Redbubble. Si kwamba ndo bora duniani, ni kwamba kujaribu hakukugharimu zaidi ya muda. Ila ujue toka Mei 2023 waliweka madaraja ya akaunti, na walio daraja la chini wanakatwa ada kwenye mapato yao, kwa hiyo usishangae ukiona faida imepungua kabla haijakufikia. Weka michoro 15 uliyo na uhakika nayo, sio yote arobaini, uone ipi inaguswa. Michoro inabaki mali yako na hawakuzuii kuiweka sehemu nyingine, kwa hiyo ile itakayouza unaichukua na kuipeleka kwenye duka lako la baadaye na kiwanda nyuma yake. Soko likufundishe bure, kiwanda kikulipe.

Amazon Merch tuma ombi la kujiunga sa hivi hivi huku ukiendelea. Wanapokea kwa maombi, wanaweza kukukubali au kukukataa, na wakikukubali wanakuanzishia na nafasi 10 tu za dizaini, ukiuza ndo wanakuongezea. Usiisubiri.

Jambo la mwisho, ambalo ningependa ulifanye la kwanza. Kabla hujapandisha hata mchoro mmoja fungua ukurasa wa malipo uone hela inatoka vipi kule na inaingia vipi kwako. PayPal? Payoneer? Benki? Nchi yako ipo kwenye orodha? PayPal yako inapokea au inatuma tu? Kuna watu wamechora miezi sita, wameuza, afu hela inawaangalia kwenye skrini. Na kampuni za Marekani zitakupa fomu ya kodi ya W-8BEN, usiiogope, ni ya kusema wewe sio mkazi wa Marekani, ijaze kwa jina lilelile la kitambulisho chako. Jina la usanii liache kwenye duka.

"Anko habari. Rafiki yangu anasema Printful na Printify ni kampuni moja sasa, kwa hiyo kuchagua ni kupoteza muda. Ni kweli?" – Wa Hudi

Nusu kweli. Zote zina mizizi Latvia, Printful 2013, Printify 2015, na Novemba 2024 walitangaza wanaungana. Lakini kuchagua bado kuna maana, maana zimejengwa tofauti.

Printful imejengwa juu ya viwanda vyake yenyewe. Ukiagiza leo na ukiagiza mwezi ujao vitu vinafanana, lebo zako wanakuwekea, vifungashio, wanadarizi vizuri. Unalipia hiyo. Printify ni dalali, na sisemi kwa ubaya, anakuunganisha na wachapaji wengi na we unachagua nani akuchapie kwa kuangalia bei, nchi aliyopo na alama alizopewa. Bei huwa chini. Ila tisheti ileile, rangi ileile, kwa mchapaji A inatoka kali na kwa mchapaji B imepauka, na mteja hajui A wala B, anakujua wewe.

Kwa hiyo ukienda Printify kazi yako si kuchagua Printify, ni kuchagua mchapaji ndani yake, mpate mmoja ukae naye. Na umchague karibu na wanunuzi wako walipo, sio karibu na wewe ulipo, watu hili wanalisahau sana. Mnunuzi yupo Ujerumani we unamchapia Marekani, mzigo unakaa njiani, forodha wanadai chao, mteja anakuandikia kwa herufi kubwa. Gelato walijengwa kwa wazo hilohilo, wachapaji wametapakaa nchi 32 na oda inapelekwa kwa aliye karibu na mteja.

"Anko mi nauza Etsy kwa dola 24 tisheti, shipingi bure, oda zinaingia lakini hela siioni. Naibiwa?" – Mama wa Vikombe (na tisheti)

Huibiwi dada yangu, hujapiga hesabu. Tupige pamoja. Chukulia mchapaji anakutoza dola 12 kwa tisheti na 4.75 kusafirisha, we weka namba zako. Etsy wanachukua senti 20 kuorodhesha, asilimia 6.5 ya mauzo ambayo kwa 24 ni 1.56, na ada ya kupitisha malipo ambayo inatofautiana nchi na nchi, kwa muuzaji wa Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, hapo 0.97. Jumla 19.48. Mkononi imebaki 4.52, na bado kodi hatujaigusa.

Afu kuna kidudu kinaitwa matangazo ya nje, Offsite Ads. Etsy wanakutangazia Google na kwingine, mtu akibofya tangazo akanunua kwako wanachukua asilimia 15 ya oda hiyo. Kwa tisheti yako ni 3.60. Toa kwenye 4.52. Umebaki na senti 92! Kama duka lako halijafikisha mauzo ya dola 10,000 ndani ya mwaka unaweza kuyazima kwenye mipangilio, ukishavuka unakatwa asilimia 12 na kuzima huwezi tena. Sisemi uzime, tangazo linaleta mteja ambaye usingempata, nasema bei yako ya 24 haikupangwa ikijua kwamba hilo lipo. "Shipingi bure" haipo, inalipwa na bei au inalipwa na wewe, na sa hivi unalipa wewe.

Vikombe hesabu yake ni mbaya zaidi, kikombe ni kizito na kinavunjika, usafiri unakaribia bei ya kikombe chenyewe. Jaribu kuwashawishi wachukue viwili kwa oda moja, cha pili usafiri wake huwa nafuu sana.

"Kwenye skrini dizaini inawaka kama taa, tisheti ikaja imefifia na kuna ukungu mweupe pembeni ya mchoro. Platifomu mbovu?" – Neoni

Inawezekana, ila nadhani ni faili lako. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi. Ile kijani ya kung'aa na ile pinki ya neoni kwenye wino wa kawaida hazipo, mashine inatafuta jirani yake wa karibu na jirani huyo amepauka. Chora ukijua hivyo.

Ukungu mweupe ni hivi. Kwenye tisheti nyeusi mashine inatandika kwanza wino mweupe chini afu rangi juu yake, la sivyo rangi ingezama kwenye kitambaa. Sasa kama mchoro wako una kivuli laini, moshi, mwanga unaofifia kidogokidogo, zile sehemu zinazoonyesha nusunusu mashine inazitandikia nyeupe na hiyo nyeupe inachungulia. Kata kingo ziwe kavu, au moshi uufanye kwa vidoti. Faili liwe PNG bila bakgraundi, na kwa tisheti pikseli 4500 kwa 5400 ndo Amazon wanazotaka, ukigawa kwa 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, ni inchi 15 kwa 18, kifua kizima kimejaa. Picha uliyoidaka mtandaoni ya pikseli 800 usiivute mpaka ifike huko, itakuwa kama imepigwa kupitia neti. Na kitambaa pia angalia, uchapaji huu wa wino moja kwa moja unapenda pamba, polyesta ina njia zake nyingine.

Ila yote hayo hayachukui nafasi ya sampuli. Agiza moja kwa hela yako, ivae, ifue mara tano. Mimi niliwahi kujifanya najua, nikaruka sampuli, mteja akanitumia picha maandishi yangu yote yamekaa tumboni kama mkanda, kumbe niliiweka chini kwenye kile kiboksi cha kupangia na sikuikagua saizi kubwa. Nilirudisha hela, na tisheti nikamwachia.

"Naweza kuweka katuni maarufu nikiibadilisha asilimia 30?" – Jina kapuni

Hapana. Hiyo asilimia 30 haipo kwenye sheria yoyote, ni hadithi ya mtandaoni. Wataishusha, ukirudia wanafunga akaunti na hela iliyomo inaweza kukwama humo. Na sio katuni tu, hata maneno mawili matatu ya kawaida yanaweza kuwa alama ya biashara ya mtu kwenye nguo, ofisi ya alama za biashara ya Marekani ina ukurasa wa kutafuta bure, andika msemo wako humo kabla hujauchora. Fonti nazo ziangalie, nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu, za kuuzia zinalipiwa.

"Mteja kasema saizi haimtoshi anataka kubadilisha, nani analipa?" – Bado Mgeni

Kama upo soko kama Redbubble, mwelekeze kwao wamalizane. Kama upo na kiwanda nyuma, wewe. Printful na Printify wanakuchapia upya au kukurudishia kama kosa ni lao, imechanika, imechapwa vibaya, na unatakiwa uwaambie ndani ya siku 30 toka mzigo ufike, na picha. Saizi aliyochagua mteja mwenyewe si kosa lao. Jedwali la saizi liweke liwe picha ya pili kwenye bidhaa, sio chini kabisa ya maelezo ambako hakuna anayefika, na andika mapema kabisa utabadilisha au hutabadilisha. Huyu uliyenaye sasa hivi, kama hukuandika popote, mbadilishie tu.